Makovu Mawili ya Ta Ishengoma

Vifungo vya shati vilikuwa vitano, na wiki iliyopita tulikuacha kwenye cha nne: Ta Ishengoma amekishika bila kukiachia, Ta Rugambwa anapiga meza na kufoka, "Fungua! Fungua watu waone!"

Haya, cha tano nacho hicho kimefunguka.

Hoteli nzima ya Zuena iliinama mbele. Hata waliokuja kunywa chai tu, watu wa Buhembe ambao siasa za Kisiwa cha Irugo haziwahusu wala haziwashibishi, waliacha maandazi yakapoa.

Chini ya kitovu cha Ta Ishengoma, upande wa kulia, palikuwa na kovu dogo, refu kama punje ya mchele.

"Si nilisema!" Rugambwa aliruka, na tumbo lake likafuata baadaye kidogo. "Hilo ni langu! Alijichanja mbele ya macho yangu! Huyu ni munywani wangu, mnasikia? Nilimeza damu yake, akameza yangu. Munywani haombwi akakataa. Leo nampa amri apige kura na sisi. Karani, hesabu: tano kwa nne. Tumemaliza. Zuena, leta chai!"

Zuena aliileta, maana biashara ni biashara. Lakini alipoinama kumimina, jicho lake lilipita palipopita.

"Ta Rugambwa," alisema, "hebu punguza sherehe kidogo. Upande wa kushoto kuna jingine."

Shingo zote zikageuka kushoto.

Kweli lilikuwapo. Dogo, refu kama punje ya mchele, limejificha chini ya mkunjo wa suruali.

Kiti kikaburuzwa nyuma. Bwana Muhidini, mpinzani mkubwa wa Rugambwa, mtu ambaye kwa miaka mitatu hajampa hata salamu, alisimama na kanzu yake nyeupe.

"Hilo la kushoto," alisema, "ni langu mimi."

Kwa aliyeazima gazeti leo kwa mara ya kwanza (na amrudishie mwenyewe likiwa zima), mambo ni hivi. Irugo ni kisiwa kilichoko mbele ya Muleba, kidogo kiasi kwamba mtu akipiga chafya kaskazini, wa kusini anamwombea afya. Lakini kina serikali. Kina Baraza la watu tisa. Wanne ni wa Chama cha Bara, cha Rugambwa, wanaotaka kisiwa kiwekwe chini ya watawala wa ng'ambo, upande wa Muleba. Wanne ni wa Chama cha Kisiwa, cha Muhidini, wanaotaka kijitawale chenyewe, na Muhidini akikalie juu. Wanachukiana hivi kwamba hakuna paa kisiwani linaloweza kuwafunika wote. Ndiyo maana Baraza la Irugo hupanda mtumbwi mpaka Muleba, likapanda lori mpaka Bukoba, likakutana hotelini kwa Zuena, ambaye hana chama ila birika.

Wa tisa ni Ta Ishengoma. Chama cha Kati. Mwenyekiti, katibu na wanachama wote: yeye.

Kila kura ilipopigwa, wanne walinyosha mikono, wanne wakanyosha upande wao, na Ta Ishengoma akasema, "Tusubiri kidogo." Watu wakamwita mtu wa hekima. Mwalimu mmoja wa Kitendaguro alimtaja darasani, eti mfano wa kiongozi asiyeegemea popote.

Kumbe.

Safari hii lakini Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, amechoka kusubiri. Amesema kwa mdomo wake: leo kila mjumbe anyoshe mkono, huku au kule. Asiyenyosha hana kiti, na chama chake kimekufa.

Na pale mlangoni, juu ya mkeka, ameketi mama mmoja mkongwe mwenye kikapu, ambaye yote haya yanamwangukia yeye. Anaitwa Ma Kokushubila. Kibanja chake kiko katikati ya kisiwa, kina migomba minene na ufuko pekee ambao mtumbwi unafika bila kugonga mwamba. Kaburi la mumewe limo humo humo. Hakujaliwa mtoto. Ishengoma, mtoto wa shemeji yake, alilelewa naye tangu hajaota meno, naye humwita mama.

Bara wakishinda, Rugambwa atasema kibanja hicho kilikuwa nyarubanja ya babu yake. Yaani mama atalima, bwana atakula, mpaka siku bwana atakapomwambia afunge mizigo. Kisiwa wakishinda, Muhidini anataka kujenga ofisi yake palepale, karibu na ufuko. Ta Ishengoma aliapa kwamba mama huyu atafia nyumbani kwake. Siasa ya Chama cha Kati, ukiivua nguo zake zote, utakuta hilo tu.

Hilo, na makovu mawili.

"Mwongo!" Rugambwa alimnyoshea Muhidini kidole. "Alinywana na mimi kabla vita haijaanza! Tulikuwa tunabeba kahawa kichwani kutoka Ngenge. Homa ikampiga njiani, nikambeba yeye na gunia lake!"

"Na mimi alinywana nami vita ilipoisha," alijibu Muhidini. "Mtumbwi ulipinduka. Nilizama, akanishika ukosi, akaning'ang'ania mpaka nchi kavu. Usiku ule ule tukapasua tunda la kahawa."

"Langu ni la kwanza!"

"Langu ndilo lililofunika lako!"

"Unafunika nini wewe, mla dagaa?"

"Nakufunika wewe, ingawa turubai la kutosha tumbo hilo halijashonwa!"

Wasomaji wa mbali mtaniuliza tunda la kahawa limeingiaje hapa. Tunda ni moja, ndani mna punje mbili. Watu wawili wakitaka kuwa ndugu kuliko ndugu, hulipasua, kila mmoja hujichanja kidogo chini ya kitovu, akapaka punje yake damu, akampa mwenzake aimeze. Basi. Tangu hapo humnyimi kitu, humshitaki, humtegi. Ukimdhuru, tumbo lako litavimba mpaka upasuke. Padri hataki kusikia habari hizo. Sheikh naye hataki. Ndiyo maana hufanywa kimya kimya.

Zuena aliweka birika chini. "Kwa hiyo wewe Muhidini, Ijumaa uko safu ya mbele, na tumboni una damu ya mtu?"

Muhidini akasoma dari.

"Na wewe Ta Rugambwa, mshika kapu la sadaka, Padri anajua?"

Rugambwa akakohoa. "Mama Chai, mambo ya Baraza hayakuhusu."

"Yananihusu. Mnayafanya juu ya meza yangu."

"Ishengoma!" Muhidini aligeuka. "Kwa nini hukuniambia umekwisha nywana na hayawani huyu?"

Ta Ishengoma alikuwa bado ameshika ncha za shati kama mtoto anayepimwa na mganga. "Aliniomba nisimwambie mtu."

"Na mimi kwa nini hukuniambia habari za mvuvi huyu?" aliuliza Rugambwa.

"Naye aliniomba nisimwambie mtu. Ningekataaje, waitu, ndugu zangu? Ni banywani wangu wote wawili."

Watu wa Buhembe walicheka mpaka chai ikawatoka puani. Wajumbe hawakucheka.

"Sasa chagua," alisema Rugambwa, sauti imeshuka na kuwa mbaya zaidi. "Ukininyima kura, tumbo litakuvimba."

"Ukininyima mimi, litakuvimba vilevile," alisema Muhidini.

"Na usipopiga," karani Omary alikumbusha, kwa upole kama mtu anayetangaza msiba, "huna kiti, Ta Ishengoma. Maneno ya Bwana Shauri."

Ta Ishengoma alimtazama mama yake mlangoni. Jasho lilimtiririka juu ya makovu yote mawili bila upendeleo.

Hapo ndipo Ma Kokushubila aliponyanyuka. Alinyanyuka kwa awamu: mkono, goti, kiuno, halafu maneno.

"Nyinyi watoto, nani kati yenu alienda shule?"

"Sote tumesoma, mama," alisema Muhidini.

"Basi nisaidieni, mimi sikusoma. Rugambwa alimpa mwanangu damu yake, mwanangu akameza. Sivyo?"

"Ndivyo," alisema Rugambwa kwa majivuno.

"Ikaingia mwilini mwake. Ikakaa humo tangu kabla ya vita mpaka vita ikaisha. Kisha mwanangu akajichanja tena, damu ikatoka, Muhidini akaimeza." Akageuka. "Muhidini, baba, ulimeza damu ya nani?"

Nzi mmoja alitua juu ya andazi na hakufukuzwa.

"Nakusaidia," alisema mama. "Ulimeza damu ya Ishengoma, na ya Rugambwa ndani yake. Nyinyi wawili ni banywani. Siku zote hizi mmekuwa mkidhuriana, hali mmelishana damu."

"Astaghafiru!" Muhidini alishika koo.

"Yesu Maria!" Rugambwa alishika tumbo.

Lilikuwa kosa kulishika, maana macho yote yakafuata mkono. Tumbo la Rugambwa, msomaji, lilikuwa tumbo la kuheshimiwa. Asubuhi ile lilikuwa limeingia hotelini kwanza, mwenyewe akafuata.

"Ta Rugambwa," aliuliza Zuena, "hilo lilianza kuvimba lini?"

"Ni shibe hii!"

"Nauliza lini."

Uso wa Rugambwa ulibadilika rangi. Alikuwa anapiga hesabu. "Tangu... tangu zilipoungua nyavu za..."

"Wewe ndiye uliyechoma nyavu zangu!" Muhidini alipiga yowe.

"Na wewe je? Kila siku unabugia dawa ya tumbo kama maji. Ulianza lini?"

Muhidini aliingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akaigusa chupa yake. "Tangu migomba yako ilipokatwa," alinong'ona.

"Shetani! Nilimfunga mtu miezi sita kwa migomba ile! Nilimfunga shemeji yangu!"

Viti vilianguka. Wajumbe wanne wakasimama upande huu, wanne upande ule, na Zuena akawahi kuondoa vikombe. Kwa nukta chache ilionekana Baraza la Irugo litavunjika vichwa kabla halijavunjika lenyewe.

Halafu Rugambwa akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Alikaa. Alivuta pumzi. Alimtazama adui yake kwa muda, kama mnunuzi anavyotazama kahawa kabla hajataja bei.

"Munywani," alisema.

Muhidini alisita. Chupa ya dawa bado iko mkononi. "Munywani," alijibu.

Usifurahi, msomaji. Najua umeanza kutabasamu, unasema afadhali wamepatana. Mwandishi wako aliwahi kuwapatanisha watu wawili pale sokoni Bukoba. Walipatana vizuri sana, wakamgeukia yeye, na jino lake moja liko palepale mpaka leo.

"Kama wewe ni munywani wangu," alisema Rugambwa, "kilicho changu ni chako."

"Na changu ni chako."

"Kisiwa kiwe chini ya ng'ambo, kama nitakavyo. Lakini mkuu wa kisiwa uwe wewe, kama utakavyo."

"Na kibanja?"

"Kibanja tugawane. Mimi nusu ya juu yenye migomba. Wewe nusu ya chini yenye ufuko. Mpaka upite kwenye ile migomba mitatu ya katikati."

"Pale amelala mume wangu," alisema Ma Kokushubila.

Wote wawili waligeuka kumtazama, kwa mara ya kwanza siku ile wakiwa na uso mmoja.

"Tutampitia pembeni," alisema Muhidini bila kumtazama machoni.

"Au atahamishwa," alisema Rugambwa. "Mifupa haina uzito. Na wewe mama tunakushukuru. Bila akili yako tungegombana mpaka kufa."

Mama mkongwe alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, si juu ya mkeka.

"Karani!" Rugambwa alipiga meza. "Shauri jipya. Wanaolikubali wanyoshe mikono!"

Omary alilamba midomo. "Wanaokubali."

Mikono ya Bara ikapanda. Mikono ya Kisiwa, baada ya kutazamana, ikapanda nayo. Minane. Tangu Irugo itoke majini haijawahi kuwa na umoja wa namna hiyo.

"Na Chama cha Kati?" Rugambwa alicheka. "Kati ya nini na nini sasa, Ta Ishengoma? Sisi tumekuwa kitu kimoja. Wewe umebaki kati ya meza na mlango. Tokea mlangoni."

Ta Ishengoma hakutoka. Alianza kufunga shati. Cha kwanza, cha pili, polepole, mpaka cha mwisho.

"Rugambwa," alisema. "Muhidini. Tangu tunywane, niliwahi kuwaomba kitu?"

Rugambwa alichezea kijiko.

"Uliniomba ng'ombe, Rugambwa, nikakupa. Ulitaka nikae kimya ulipopitisha mfereji wako wa maji shambani kwangu, nikakaa. Muhidini, uliniomba mtumbwi, na ninao tena? Uliniomba nimwoze dada yangu kwa mpwa wako. Nilimwoza, akalia wiki nzima. Kila mlichoniomba nilitoa, maana munywani haombwi akakataa. Mimi sijawahi kuomba. Leo naomba."

"Ishengoma, tulia," alisema Muhidini kwa sauti ndogo.

"Naomba mshushe mikono yenu. Wote wawili. Naomba kibanja cha mama yangu mkiache kama alivyokikuta. Nawaomba kwa damu niliyomeza."

Karani aliweka kalamu chini.

Mkono wa Muhidini ulianza kushuka. Haukutaka, lakini ulishuka. Ulifika usawa wa sikio, ukafika begani. Mwenyewe aliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Mkono mwingine alikuwa ameukandamiza tumboni.

Mkono wa Rugambwa haukushuka hata kidogo.

"Hujasikia?" aliuliza Ishengoma.

"Nimesikia."

"Nimekuomba kwa damu."

"Kwa damu ipi?" Rugambwa alitabasamu, na tabasamu lile, wapenzi wasomaji, Zuena anasema atalikumbuka mpaka wamfunike. "Yangu uliimeza, hilo kweli. Nilikuona koo likipanda na kushuka. Lakini yako, ndugu yangu, mimi sikuimeza."

"Nini?"

"Niliisukuma chini ya ulimi. Ulipoinama kufuta damu tumboni, nikaitema majanini. Unadhani mimi mjinga? Kujifunga kwa mchukuzi wa kahawa mwenye homa? Wewe umefungwa kwangu. Mimi sijafungwa kwako. Ng'ombe wako nilimla kwa amani kabisa. Hata leo hofu ya tumbo ilinishika kidogo tu, mpaka nilipokumbuka kwamba niliitema."

"Na mimi?" Muhidini alipata sauti. "Mimi nimemeza damu yako ndani ya yake! Kwa hiyo nimefungwa kwako, na wewe hujafungwa kwangu?"

"Umeelewa upesi, kwa mtu wa kisiwa." Rugambwa alimgeukia. "Kwa hiyo, munywani, nyanyua mkono huo. Nakuomba."

Mkono wa Muhidini ulisimama begani, haujui uende wapi. Machozi yalimtoka, ya hasira, mtu mzima katikati ya watu.

"Mnafiki we!" alipiga kelele Zuena. "Chai yako ya leo utalipa mara mbili!"

"Nitalipa mara kumi, kesho nina ndizi za kuuza." Rugambwa aligonga meza kwa kiganja. "Kwangu mimi tumbo ni shibe, nimekwambia! Karani, hesabu mikono, tufunge."

Omary alianza kuhesabu. Alianza na Chama cha Bara, maana ndio waliokuwa karibu. Alinyosha kalamu kwa Rugambwa: mmoja. Aliinyosha kwa aliyefuata, Rweyemamu, mzee mpole wa mabega mapana, ambaye tangu Baraza lianze hajawahi kusema neno zaidi ya "ndiyo". Wajumbe wale watatu wa Bara, ukitaka kujua, Rugambwa hakuwapata kwa hotuba.

Mkono wa Rweyemamu haukuwapo hewani. Ulikuwa umeshuka, umeingia ndani ya shati, unapapasa kitu chini ya kitovu.

"Wewe vipi?" Rugambwa alifoka. "Nyanyua mkono!"

Rweyemamu alisimama. Nyuma yake, wale wawili waliobaki nao walikuwa wameshusha mikono, nao wameiingiza ndani ya mashati.

"Ta Rugambwa," alisema, na sauti yake ilikuwa nzito kuliko Irugo ilivyowahi kuisikia. "Nilikupa kibanja cha baba yangu. Nilikwenda kortini nikaapa uongo kwa ajili yako, mtu akafungwa. Kwa sababu ya punje moja."

Akasogea. Hatua moja tu, lakini mlango ulikuwa nyuma ya Rweyemamu, na Rugambwa hakuwa na mwingine.

"Na yangu je? Yangu uliimeza?"